Nyota Mbili na Miche Tisa

Shida ilinishika mwaka wa 1975, nikiwa na miaka kumi na nikiwa darasa la tatu. Mti ulimwangukia baba akikata kuni za kiwanda, mguu ukavunjika mahali pawili, na kazi ya kuni haina nafasi ya mtu wa mguu mmoja. Wiki iliyofuata mama alinifunga gunia kiunoni, akaniwekea kikapu mgongoni, akaniambia nichume chai kwenye namba yake ya kibarua. Siku hizo watoto wengi walichuma kwenye namba ya mama. Mwenye mizani alipima majani, hakuuliza vidole ni vya nani. Darasa la tatu sikulimaliza. Nalisema mapema ili nyinyi wa nasari ya miche mnaosoma hii msidhani yule mama aliyekuwa akiwapigia kelele ana vyeti amevificha mahali. Sina.

Faith ndiye aliniambia niandike. Faith Chepkirui ni karani wetu wa nasari, ana miaka ishirini na sita, na ananiita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. "Kogo," alisema, "ukienda nyumbani na hiyo kichwa yako yote, sisi tutaanza upya kama wajinga." Nikamwambia wajinga wako tayari, lakini nitaandika. Mambo ya kupandishwa cheo na mshahara sitayagusa. Yako kwenye faili. Nitaandika kazi.

Niliingia nasari ya chai nikiwa na miaka kumi na saba. Nyapara alikuwa Mzee Momanyi, Mkisii aliyevuka mpaka pale Chepilat akiwa kijana na hakurudi tena. Siku ya kwanza alinipa karatasi za nailoni elfu moja nizijaze udongo. Nikazijaza vizuri, udongo mweusi mzuri wa juu, nikajisifu. Alikuja, akachana moja kwa kisu, akacheka.

"Wewe msichana, unapanda chai au unapanda sukuma wiki?"

"Si udongo ni udongo, Mzee?"

"Udongo ni udongo kwa mtu wa kuzikwa. Mwaga yote."

Nilimwaga yote. Hapo ndipo nikajifunza kwamba sehemu ya juu ya karatasi hutaka udongo mwekundu wa chini kabisa, usio na mbolea, kwa sababu kipande cha chai hakioti mizizi kikishiba. Kikikosa, kinatafuta. Alinifundisha pia kukata: jani moja, jicho moja, kijiti cha urefu wa kidole gumba chini yake, na mkato wa kulala upande mmoja na jani. Kisu kikali. Kisu butu kinaponda, na kilichopondwa kinaoza. Vipande viende moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, visilale juani hata kama bosi amekuja kusalimia.

Na alinipa sheria moja ambayo aliitamka kama mtu wa kanisa: "Usikate mtoto." Maana yake, usichukue vipande kutoka kwa mche mdogo. Acha uende shambani, ukae miaka minne, uwe mti, halafu uchukue vipande mia mbili kutoka kwa mti mmoja na hautasikia. Nilishika sheria hiyo zaidi ya miaka arobaini. Niliwahi kumfukuza mtu kwenye meza ya kukatia kwa kuivunja, na alikuwa jamaa wa bwanangu.

Kuna kesi moja ngumu nataka muijue kwa sababu itarudi, si kwangu, kwenu. Tuliletewa habari za miche iliyogeuka manjano kwenye kitalu kidogo upande wa Longisa. Kila mtu alisema ni ugonjwa, wengine wakataja jirani mwenye jicho baya. Nilienda, nikatia udongo mdomoni. Ulikuwa na ladha ya jivu. Nikauliza huo udongo ulichimbwa wapi, nikaonyeshwa mahali palipokuwa na jiko la boma la zamani. Chai na jivu hawakai nyumba moja. Jivu la miaka thelathini bado linaua. Kwa hivyo kabla hujauliza mche una nini, uliza udongo ulikuwa nani. Mtaalamu mwenye gari alikuja baada yangu na karatasi za kupima, akasema vilevile, lakini yeye aliandikiwa ripoti.

Hesabu yangu ilikuwa ya vijiti. Kila miche mia, kijiti kimoja mfukoni mwa aproni. Jioni nahesabu vijiti. Sikuwahi kukosea kwa zaidi ya kumi, na nimefanya kazi na watu wa digrii waliokosea kwa elfu.

Halafu ikaja kompyuta, na Faith pamoja nayo. Aliambiwa aweke rekodi zote ndani ya hiyo mashine, na akasema njia rahisi ni kuiandikia maagizo kwa lugha inayoitwa Python, lugha ambayo watu wanaoanza hufundishwa kwanza. Nikauliza kama ni ile nyoka. Akasema jina tu. Mimi nilikaa mbali nayo miezi miwili. Si uoga. Nilikuwa naiangalia kwanza, kama unavyomwangalia kibarua mpya.

Kilichonisogeza ni arap Maritim. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima thelathini na mmoja upande wa Sigor. Kule ni pembeni mwa nchi ya chai, mvua ikichelewa inachelewa kweli, na kiangazi kilikuwa kimewaulia miti mistari mizima. Shamba lilibaki na mapengo kama mdomo wa mzee. Lakini kwenye shamba la Maritim mti mmoja, mmoja tu, ulibaki kijani katikati ya maiti. Alinitafuta. Nilienda nikauona, nikauzunguka mara mbili. Ulikuwa mti wa mbegu wa zamani, hata jina hauna. Nilichukua vipande thelathini, vyembamba kwa sababu ya kiu. Nikamwambia nitarudi mvua ikinyesha nichukue mia mbili.

Sikurudi kuchukua kitu. Greda ya kupanua barabara ilipita, na ule mti ulikuwa kando ya barabara. Maritim alinipigia simu akilia waziwazi, mzee mzima. Na katika vipande vyangu thelathini, vilivyoshika mizizi vilikuwa tisa. Kwa hivyo duniani kote mti huo ulibaki miche tisa, kwenye karatasi za nailoni, kona ya nasari yetu.

Maritim alikuja ofisini na kofia mkononi. Kila familia ilitaka miche mia mbili ya kujaza mapengo. Familia thelathini na moja, miche elfu sita na mia mbili.

"Bot Chelimo," alisema. Ndivyo wanavyoniita wa rika langu, mama Chelimo. "Watu wangu wanataka kujua kitu kimoja. Ni miaka mingapi?"

"Kwani kuna haraka gani?"

"Kuna mtu ananunua mikaratusi. Anasema tung'oe chai, tupande miti ya nguzo. Wakisikia miaka kumi, wanang'oa. Wakisikia mitano, sita, watangoja. Jumamosi tuko na mkutano. Uje uwaambie mwenyewe."

Nilihesabu kwa sheria ya Mzee Momanyi. Tisa zikue nasari mwaka mmoja, zikae shambani minne, halafu nichukue vipande kila mwaka, hadi zifike elfu sita na zaidi. Hata nilipobana, ilikuwa miaka kumi. Nilirudia. Kumi. Chai iliyowalisha watu wale kwa miaka hamsini ilikuwa ing'olewe Jumatatu kwa sababu ya hesabu yangu ya Jumamosi.

Nikamwambia Faith. Akauliza swali ambalo mtu wa nasari hawezi kuuliza, kwa sababu yeye hakulelewa hapa. "Na tukikata watoto?"

Nilimwangalia kwa jicho kali.

"Nauliza tu, Kogo."

"Mtoto hatoi mia mbili. Ukimwonea huruma, anatoa vipande vitatu kwa mwaka. Kimoja kinakufa."

"Kwa hivyo mmoja anabaki, na wawili wanaongezeka. Mmoja anakuwa watatu."

"Ndiyo."

"Na mwaka unaofuata hao watatu, kila mmoja anakuwa watatu?"

"Kama hujawaua."

Akageuza kompyuta kwangu. "Andika tatu, nyota mbili, sita."

Kwa wale ambao hamjagusa hiyo kitu: nyota moja ni kuzidisha. Nyota mbili zikifuatana bila nafasi katikati zinaiambia namba ya kushoto ijizidishe, na namba ya kulia inasema ni mara ngapi. Wenye shule wanaiita kipeo. Niliandika 3**6 kwa kidole kimoja. Ikajibu 729, haraka kuliko mtu wa kukukopa anavyosema asante.

Mimi siamini kitu kwa sababu kimejibu haraka. Nilitoka nje, nikachukua karatasi tupu, nikazipanga mezani. Tatu. Tisa. Ishirini na saba. Themanini na moja. Mia mbili arobaini na tatu. Hapo meza iliisha. Nikarudi nikaandika 3**5, ikasema 243. Sawa. Tumeanza kuelewana.

Lakini nilikuwa na swali. "Faith, tatu sita ukizipanga kwa mstari, alama za kuzidisha katikati ni tano. Nimehesabu. Sasa wewe unaniambia miaka sita. Mwaka mmoja umeenda wapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumkwamisha. Akasema, "Kogo, jaribu kipeo cha sifuri."

3**0. Ikajibu 1.

Nikamwambia mashine imeharibika. Tatu ambayo haijazidishwa hata mara moja ingekuwa tatu, au haingekuwa kitu. Moja inatoka wapi? Tulibishana hadi chai ya saa nne ikapoa. Nikatoka nikasimama mbele ya ile miche tisa, na jibu lilikuwa limekaa pale kwenye karatasi. Kabla mwaka wowote haujapita, mche uko. Ni mmoja. Huo mmoja ndio unaozidishwa kwa tatu mwaka wa kwanza, na ndiyo alama ya sita niliyokuwa natafuta. Hawakuniambia darasa la tatu, na sijui kama wangeniambia darasa la nane.

Baada ya hapo sikushikika. Siku mbili sikupigia mtu kelele, nilikuwa naandika. Mengine niliyojifunza nawaachia hapa bila mpangilio.

Kile kialama cha paa la nyumba msikitumie. Karani wa stoo amezoea kukitumia kwenye jedwali zake, akaniandikia 3^6 ili kunisaidia, tukapata 5. Tano! Katika lugha hii hicho ni kazi nyingine kabisa, na kibaya ni kwamba hakilalamiki, kinakupa tu jibu la uongo kwa uso mkavu.

Kipeo hutangulia kuzidisha. Ukiandika 9*3**6, mashine inafanya kipeo kwanza, halafu inazidisha kwa tisa. Ndivyo tunavyotaka. Mimi nilidhani inasoma kama mtu, kutoka kushoto, na nikaogopa, nikaweka mabano: (9*3)**6. Ikanipa 387420489. Faith alinisomea: milioni mia tatu themanini na saba na ushei. Miche hiyo ingejaa Kericho, Bomet, iingie Kisii, na bado ningekuwa natafuta mahali pa kuweka mingine. Nikatoa mabano.

Na namba ya kulia si lazima iwe nzima. Hii ndiyo ilinipendeza kuliko zote. Maritim alikuwa ameuliza kuhusu mvua ya katikati ya mwaka, kwa hivyo nilitaka kujua miaka mitano na nusu. Mwaka wa tano ni 2187, wa sita ni 6561. Katikati yake kwa kichwa changu ni elfu nne, mia tatu na kitu. Niliandika 9*3**5.5, ikasema 3787 na vipande. Nikasema imeniibia karibu miche mia sita.

"Haijaiba," Faith alisema. "Nusu ya mwaka si nusu ya ongezeko. Mwanzoni wazazi ni wachache. Wengi wanazaliwa nusu ya pili, kwa sababu wakati huo kuna wengi wa kuzaa."

"Basi nusu mwaka ni mara ngapi?"

"Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata tatu."

Niliitafuta kwa kubahatisha, asubuhi nzima. Moja na nusu ikanipa mbili na robo, kidogo. Mbili ikanipa nne, nyingi. Nilipofika moja nukta saba tatu niliandika 3**0.5, na ilikuwa pale imeningoja. Nilipiga meza. Watu wa kujaza udongo walidhani nimeumwa na nyuki.

Jumamosi nilisimama mbele ya watu wa Sigor kwenye jengo la kanisa lao. 9*3**6 ni 6561. Wanataka 6200. Miaka sita. Niliwaambia pia kwamba nitavunja sheria niliyofundishwa, na kwa nini. Maritim aliuliza walio tayari kungoja wainue mikono. Nilihesabu mikono kama ninavyohesabu miche. Thelathini na moja.

Sasa nifike kwa sehemu ambayo ningependa kuruka.

Ilikuwa imebaki miaka mitatu nistaafu. Nilitaka niondoke na jina. Asubuhi moja, Faith hajafika, nilikaa kwenye kompyuta nikajiuliza: na kama mmoja angekuwa wanne badala ya watatu? Niliandika 9*4**5. Ikasema 9216. Miaka mitano, na inabaki. Kubadilisha namba moja tu ya katikati kulinipa mwaka mzima bure. Nilikaa nikiitazama ile namba. Nawaambia vijana, hakuna kitu kitamu kama namba ambayo umeipata peke yako.

Nilichukua kisu. Nikaenda kwenye ile miche tisa na nikakata vipande vinne kwa kila mmoja badala ya vitatu. Kile cha nne nilikitoa chini sana, pale mche huhifadhi nguvu yake. Mikono yangu ilijua. Zaidi ya miaka arobaini mikono yangu ilikuwa inajua, na niliilazimisha.

Wiki ya tatu mche wa kwanza ulikauka kuanzia shingoni. Halafu mwingine. Faith aliinama akaangalia mikato.

"Kogo, hapa kumekatwa nne."

"Naona."

"Nani amekata?"

"Unajua ni nani."

Aliendelea kukagua mche mmoja mmoja. Ningependa angenitukana. Mwaka ulipoisha, katika tisa walibaki watano. Vipande thelathini na sita, walioishi kumi na wanne. Jumla kumi na tisa, mahali ambapo kwa upole ningekuwa na ishirini na saba. Tuliandika 19*3**5, kwa miaka mitano iliyobaki. Ikasema 4617. Haifiki. Ili zifike elfu sita na mia mbili ilibidi tungoje mwaka wa saba. Nilitaka kuwaokolea watu mwaka, nikawapotezea mwaka.

Nilifikiria sana kuhusu hilo neno kipeo baadaye, maana kipeo pia ni mwisho wa kitu. Mzee Momanyi hakuwa mjinga. Alijua mche una kiasi chake cha kutoa, na aliweka sheria kali ili mtu mwenye haraka kama mimi asikaribie hata ukingo. Faith naye hakuwa mjinga, kuuliza swali lake kulikuwa sawa, vitatu vilikuwa sawa. Mashine inazidisha chochote unachoiandikia. Haijui kama hiyo nne iko kwenye mche au iko kwenye kichwa cha mtu. Kujua hiyo ni kazi ya mwenye kisu.

Mkubwa wetu aliniambia niseme ni ugonjwa wa shingo, ambao upo kweli na unajulikana. Nikakataa. Nilienda Sigor tena, Jumamosi tena, jengo lilelile.

"Miaka si sita tena," niliwaambia. "Ni saba. Hakuna ugonjwa, hakuna kiangazi. Ni mimi. Nilikata zaidi."

Mama mmoja wa mstari wa nyuma, Rael, mjane mwenye shamba dogo kuliko wote, akasimama na mtoto wa binti yake mgongoni.

"Bot Chelimo, tulikupa sita."

"Mlinipa."

"Leo ni saba. Ukija tena ni nane?"

"Nikikosea tena, nitakuja kusema nane."

"Sisi si miche, mama. Sisi tukikatwa hatuongezeki."

Alibeba kikapu chake akatoka. Wengine saba wakamfuata. Maritim alitaka kuwaita, nikamshika mkono. Mtu akishahesabu maisha yake mwenyewe huwezi kumhesabia. Ndani ya mwezi familia nane ziling'oa chai. Mimi nilipita kule, nikaona mizizi imepangwa kando ya barabara kama kuni.

Zilibaki familia ishirini na tatu. Faith alikuwa wa kwanza kuona. Aliandika 23*200, ikasema 4600. Kisha akarudi juu kwenye ile hesabu ya zamani. 4617. Mwaka wa sita, kama nilivyoahidi kwanza. Inatosha, na inabaki kumi na saba.

"Kogo, imetosha," alisema polepole.

Imetosha kwa sababu nane wameondoka. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na sijawahi kuona hesabu safi nikaichukia vile. Maritim alipopigiwa simu alicheka, akamshukuru Mungu. Mimi nilienda kufunika miche.

Tangu siku hiyo nimekata vitatu, na mche ukiwa mnyonge viwili. Mwaka wa pili tulifika hesabu. Mwaka huu, wa tatu, hesabu ilisema 171. Wiki ya mwisho ya kazi yangu nilizunguka kitalu na Faith, yeye na kompyuta, mimi na vijiti, na wote wawili tulipata 169. Wawili walikufa, mmoja kwa panya na mwingine sijui kwa nini, nimeonja hata udongo wake. Nikaandika mwenyewe, bila kuulizwa, 169*3**3. Ni 4563.

Vijana, mmoja wenu atakuwa na kisu hicho miaka mitatu ijayo. Ataona kwamba haifiki 4600. Ataona pia kwamba ukibadilisha tatu kuwa nne inazidi mara dufu. Najua ataiandika, mimi nisingeacha kuiandika. Aiandike, aitazame, aifute, halafu aende nje akate vitatu.

Watu huuliza mtu wa kustaafu amebaki na nini. Nina ekari moja na robo, yote ina hati, yote nilinunua mwenyewe. Nina chai miti elfu tatu, ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja. Nina nyumba ya matofali na tangi la maji. Nina binti, Chelimo, na wajukuu wanne. Nina kompyuta ya mkono wa pili iliyopasuka pembeni. Nina kitalu kidogo nyuma ya jiko jipya, mbali na jivu, ambapo nimeomba nipewe miche kumi ya ule mti niilee kwa upole. Nina upungufu wa miche thelathini na saba, 4600 kutoa 4563. Huo ni wangu, si wa nasari, na nimemwambia arap Maritim hivyo.